Panya Aliyehisi Baridi: uchambuzi wa kisa kimoja katika upigaji picha wa nyuklia kwa wanyama wadogo

Panya wa maabara mwenye uzito wa gramu ishirini na ushei amepandikizwa chini ya ngozi seli za saratani ya binadamu za jamii ya A431, na uvimbe umekua mpaka unashikika kwa kidole. Asubuhi anatolewa kwenye kizimba chake alimokuwa na chakula usiku kucha, anadungwa FDG, dawa nururifu inayofanana na sukari, kupitia mshipa wa mkia, kisha anaachwa macho kwa muda wa saa moja katika joto la kawaida la chumba ili dawa ienee mwilini. Baada ya hapo anaingizwa kwenye mashine ya PET, inayopiga picha ya mahali dawa hiyo ilipojikusanya, iliyotengenezwa mahususi kwa viumbe wa ukubwa wake. Picha inapotokea, kinachong'aa kuliko vingine si uvimbe. Kati ya mabega panawaka alama mbili kali, misuli nayo imejaa mwanga, kibofu kinameremeta, na uvimbe wenyewe, ambao ndio sababu ya kazi yote, unajitokeza kwa shida katikati ya kelele hizo.

Mtu anayeisoma picha ile bila kujua yaliyompata panya katika ile saa moja anaweza kufikia hitimisho lolote kati ya matatu, na yote yakawa ya makosa: kwamba saratani hii haili sukari nyingi, kwamba dawa ya kufuatilia haifai, au kwamba mashine haina ukali wa kutosha wa kutenganisha vitu vidogo. Hali hii ndiyo iliyochunguzwa kwa utaratibu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), na kuchapishwa mwaka 2006 katika Journal of Nuclear Medicine na Barbara Fueger, Wolfgang Weber na wenzao, akiwemo Michael Phelps, mmoja wa waasisi wa PET yenyewe. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mazungumzo kuhusu taaluma hii mara nyingi huishia kwenye milimita za mashine, ilhali hapa jibu la swali halikuwa ndani ya mashine hata kidogo. Lilikuwa kwenye joto la chumba, kwenye chakula cha usiku uliotangulia, na kwenye aina ya nusukaputi.

Hata hivyo uzito wa kisa hauonekani bila kujua gharama iliyolipwa ili kuipata mashine yenyewe.

FDG ni glukosi iliyobadilishwa kidogo kwa kubebeshwa atomu ya florini-18. Seli huipokea kwa milango ileile inayopokea sukari, na kimeng'enya cha heksokinasi huifungia fosfeti kama kinavyofanya kwa glukosi, lakini safari yake hukomea hapo: haiwezi kuendelea kuchomwa, nayo hunasa ndani ya seli. Kwa hiyo mahali palipo na njaa kubwa ya sukari hukusanya FDG nyingi. Florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, na kila atomu inayobadilika hutoa positroni, yaani chembe kama elektroni lakini yenye chaji chanya, ambayo husafiri umbali usiofika milimita moja kwa kawaida kabla ya kukutana na elektroni. Zote mbili hutoweka, na badala yake huzaliwa fotoni mbili zenye nguvu ya kiloelektronivolti 511 kila moja, zikikimbia pande zinazokabiliana. Pete ya vipokezi inayomzunguka mnyama ikizipokea zote mbili kwa wakati mmoja, kompyuta huchora mstari kati ya vipokezi hivyo, na kutokana na mamilioni ya mistari kama hiyo hujenga picha ya mahali dawa ilipojikusanya.

Kwa binadamu njia hii ilikuwa imeshazoeleka. Tatizo ni ukubwa wa mwili. Panya wa gramu 25 ni takriban sehemu moja ya 2,800 ya mtu wa kilo 70, na ukigeuza tofauti hiyo ya uzito kuwa tofauti ya urefu unapata kama mara 14. Mashine ya hospitali inayotenganisha nukta zilizoachana kwa milimita 5 ingepaswa, ili imwone panya kama inavyomwona mtu, itenganishe nukta zilizoachana kwa theluthi moja ya milimita. Hilo kwa PET ni gumu kwa sababu za kimaumbile, si za fedha tu. Positroni yenyewe husogea kidogo kabla ya kutoweka, kwa hiyo tunachokiona ni mahali ilipoishia na si mahali ilipozaliwa. Zaidi ya hayo, zile fotoni mbili haziachani kwa mstari ulionyooka kikamilifu. Hupotoka sehemu ndogo ya digrii, na kosa hilo huongezeka kadiri pete inavyokuwa pana. Katika pete ya hospitali yenye kipenyo cha sentimita 80 upotokaji huo peke yake huleta ukungu wa karibu milimita 1.8. Katika pete ya sentimita 17 huleta ukungu wa chini ya nusu milimita. Udogo wa mnyama, uliokuwa kikwazo, hapo ukageuka kuwa msaada, kwa kuwa pete inaweza kumkaribia.

Simon Cherry na wenzake wa UCLA ndio walioifanyia kazi hesabu hiyo katikati ya miaka ya 1990, na maelezo ya mashine waliyoiita microPET yakatoka mwaka 1997. Ilikuwa na vipokezi 30 vilivyopangwa katika pete ya kipenyo cha sentimita 17.2, na kila kipokezi kilibeba fuwele 64 zenye upana wa milimita 2 kwa 2 na kina cha milimita 10. Jumla ni fuwele 1,920, kila moja ikiwa nyembamba kuliko njiti mbili za kiberiti zilizowekwa pamoja. Fuwele hizo zilikuwa za lutetiamu oksiothosilikati, ambayo wataalamu huiita LSO, nayo ilikuwa na sifa mbili zilizokuwa zikitafutwa kwa hamu: hutoa mwanga mwingi kwa kila fotoni inayoipiga, na mwanga huo huzimika upesi sana, kwa nanosekunde 40 hivi, hali iliyorahisisha kujua ni fotoni zipi mbili zilizozaliwa pamoja. Mwanga ulisafirishwa kwa nyuzi hadi kwenye mirija ya kuukuza iliyokuwa mikubwa mno kuwekwa sambamba na fuwele. Matokeo yake yalikuwa ukali wa karibu milimita 1.8, yaani ujazo unaokaribia ule wa tone dogo sana la maji, na hilo lilikuwa pato kubwa ukilinganisha na mashine za hospitali za wakati ule.

Lakini ukali ulikuwa na bei. Kati ya kila atomu 100 zilizobadilika katikati ya pete, pungufu ya moja ndiyo iliyoonekana. Ili picha isiwe ya chengachenga ilibidi mnyama apewe dawa nyingi zaidi kwa kila gramu ya mwili wake kuliko anavyopewa mgonjwa, au apigwe picha kwa muda mrefu zaidi, na muda mrefu maana yake ni nusukaputi ndefu. Shimo la kuonea lilikuwa na urefu wa sentimita 1.8 tu, hivyo panya mzima alihitaji kusogezwa hatua kwa hatua. Mashine zilizofuata katika ukoo huo, zilizotengenezwa kibiashara Knoxville, Tennessee, zilirefusha shimo, zikaongeza usikivu na kuuboresha ukali kuelekea milimita 1.3.

Faida iliyofanya yote haya yavumiliwe ilikuwa ya kisayansi na ya kiutu kwa pamoja. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua dawa nururifu imekwenda wapi ndani ya panya alilazimika kumuua, kumkata vipande vyembamba na kuvilaza juu ya filamu, kama alivyofanya Louis Sokoloff na wenzake katika kazi yao mashuhuri ya mwaka 1977 kuhusu sukari na ubongo. Njia hiyo ina ukali ambao PET haijaufikia, lakini kila panya hutoa jibu moja na maisha yake yanaishia hapo. Anayetaka kujua uvimbe umebadilikaje siku ya kwanza, ya tatu na ya saba huhitaji makundi matatu ya wanyama, kisha alinganishe panya huyu na mwingine. Kwa microPET, panya yuleyule anaweza kupigwa picha siku zote tatu na akawa kipimo cha nafsi yake. Idadi ya wanyama hupungua, jambo ambalo William Russell na Rex Burch walikuwa wamelidai tangu mwaka 1959, na ulinganisho huwa safi zaidi. Sharti ni moja: panya wa siku ya saba awe katika hali ileile aliyokuwa nayo siku ya kwanza. Kisa chetu kinaonyesha jinsi sharti hilo lilivyo gumu.

Turudi kwenye zile alama mbili kati ya mabega. Hayo ni mafuta ya kahawia. Tofauti na mafuta meupe, ambayo ni ghala la nishati, mafuta ya kahawia ni tanuri. Seli zake zimejaa mitokondria, ambazo ndizo zinazoyapa rangi kwa madini ya chuma yaliyomo ndani yake, na katika utando wa mitokondria hizo mna protini iitwayo UCP1 inayoruhusu nishati ya chakula itoke moja kwa moja kama joto badala ya kuhifadhiwa. Tanuri hili huwashwa na neva kwa njia ya kemikali iitwayo noradrenalini pindi mwili unapohisi baridi, nalo linapowaka huvuta sukari kwa pupa. FDG haijui kutofautisha njaa ya saratani na njaa ya tanuri. Huingia popote sukari inapoitwa.

Swali linalofuata ni kwa nini panya ahisi baridi katika chumba ambamo mtafiti amevaa koti jepesi na yu salama. Hapa ndipo tunapokosea kwa kumfikiria panya kana kwamba ni mtu mdogo. Vyumba vya wanyama huwekwa kwenye nyuzijoto 20 hadi 24 hivi kwa kuwa kiwango hicho humfaa binadamu anayefanya kazi humo. Panya mwenye mwili mdogo ana ngozi nyingi ukilinganisha na ujazo wake, hivyo joto humtoka upesi. Kiwango ambacho hahitaji kujitahidi ili abaki na joto lake ni karibu nyuzi 30. Kwake chumba cha nyuzi 22 ni mahali pa baridi ya kudumu. Kizimbani huipunguza baridi hiyo kwa kujenga kiota na kulala wakiwa wamerundikana. Tunapomtoa, tukamdunga, kisha tukamweka peke yake kwenye kisanduku kitupu cha plastiki kwa saa moja, tunamnyang'anya kiota na wenzake kwa mkupuo. Tanuri huwaka, misuli hutetemeka, hofu nayo huongeza noradrenalini juu ya ile iliyoletwa na baridi. Picha inarekodi hayo yote kwa uaminifu kamili. Mashine haikukosea, ilijibu swali ambalo hakuna aliyekusudia kuliuliza.

Wauguzi na mafundi wa PET hospitalini wamekutana na jambo hilohilo kwa wagonjwa. Kwa miaka mingi mng'ao wa shingoni na mabegani ulidhaniwa kuwa ni misuli iliyokaza, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, PET ilipounganishwa na CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, katika mashine moja, ikaonekana kwamba sehemu inayowaka ni mafuta. Mwaka 2009 makala tatu katika New England Journal of Medicine zilithibitisha kwamba watu wazima nao wana mafuta ya kahawia yanayofanya kazi, na FDG ilikuwa miongoni mwa mashahidi wakuu. Ndiyo sababu mgonjwa anayesubiri kipimo hupewa blanketi na kuwekwa kwenye chumba chenye joto. Blanketi la mgonjwa na pedi ya joto ya panya vinatokana na fiziolojia moja.

Kundi la UCLA liliyapima mambo matatu: joto, chakula na nusukaputi. Panya waliokuwa na uvimbe wa A431 walipigwa picha katika hali mbalimbali, na hali ya marejeo ilikuwa ile niliyoieleza mwanzoni, yaani mnyama aliyekula, ambaye hakupashwa joto wala kulazwa wakati dawa ikienea. Kupasha joto hadi nyuzi 30 kulipunguza mwako wa mafuta ya kahawia, kama fiziolojia ingetabiri.

Chakula kina mantiki mbili zinazoshikana. Panya ni mnyama wa usiku. Hula gizani, na asubuhi mtafiti anapofika kazini humkuta ameshiba. Damu yenye sukari nyingi inaishindanisha FDG na glukosi halisi kwenye milango ya seli, na glukosi ikiwa nyingi FDG hukosa nafasi. Pamoja na hilo, shibe huleta insulini, na insulini hufungua milango ya misuli na moyo, ambavyo huvuta FDG ambayo ingefika kwenye uvimbe. Kufungisha kwa saa 8 hadi 12 huondoa vyote viwili. Mgonjwa anayeambiwa asile kwa saa kadhaa kabla ya PET anaambiwa hivyo kwa sababu hiyohiyo. Kuna jambo moja ambalo mtu asiyewafahamu wanyama hawa hulisahau: panya hula kinyesi chake na hutafuna chochote kilichodondoka kwenye matandiko, kwa hiyo kuondoa kisahani cha chakula bila kubadilisha kizimba si kumfungisha.

Nusukaputi ndiyo iliyokuwa na sura nyingi zaidi, na nadhani ndiyo iliyowashangaza wengi. Watu huiona dawa ya usingizi kama kitu cha kumtuliza mnyama asisogee, kana kwamba haina la kusema kuhusu sukari. Ketamini pamoja na zilazini, mchanganyiko wa sindano uliozoeleka maabara nyingi kwa kuwa ni wa bei nafuu na hauhitaji mitambo, ulipandisha sukari ya damu kwa kiwango kikubwa. Zilazini huzuia kongosho kutoa insulini. Isoflureni, ambayo ni ya kuvuta kwa hewa, iliipandisha kwa kiasi kidogo, na ilipunguza sana FDG ya mafuta ya kahawia na ya misuli, kwa maana panya aliyelala hatetemeki wala haogopi. Lakini hiyo nayo haikuwa bila alama: misuli ya moyo ilivuta FDG zaidi. Kwa anayechunguza uvimbe wa kifuani, moyo unaowaka ni jirani mbaya.

Masharti yote matatu yalipokutanishwa, yaani panya amefungishwa, amepashwa joto na amelazwa kwa isoflureni, FDG iliyoingia kwenye uvimbe iliongezeka mara 4 kulinganisha na hali ya marejeo, na uwiano kati ya uvimbe na viungo vingine ulipanda hadi mara 17. Mashine ni ileile, uvimbe ni wa aina ileile, na dawa ni ileile. Kwa maoni yangu hakuna uboreshaji wowote wa fuwele wala wa hesabu za kompyuta uliowahi kuleta tofauti ya ukubwa huo katika kuuona uvimbe wa panya, na huu ulipatikana kwa pedi ya joto, saa chache za kufunga na chupa ya gesi.

Ile mara 4 ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ile mara 17. Tofauti ya uvimbe na mazingira yake ni suala la kuonekana. Lakini kiasi cha FDG ndani ya uvimbe ndicho kinachotumika kama kipimo cha kama dawa mpya ya saratani inafanya kazi. Chukulia jaribio ambamo panya wa kundi moja walitibiwa na wa kundi la pili hawakutibiwa. Waliotibiwa wakapigwa picha alasiri, wakiwa wamekaa bila chakula tangu asubuhi, na wasiotibiwa wakapigwa picha asubuhi wakiwa wameshiba. Tofauti itakayoonekana inaweza kuwa kubwa kuliko ambayo dawa nzuri ingeileta, tena ikiwa na takwimu safi na vijisehemu vidogo vya makosa, kwa sababu makosa yake hayakuwa ya kubahatisha; yalikwenda upande mmoja. Dawa hiyohiyo ikimkosesha panya hamu ya kula, atakuwa amejifungisha mwenyewe, na uvimbe wake utang'aa zaidi kwa sababu isiyohusiana na saratani kabisa. Kosa la namna hiyo haliondolewi kwa kuongeza idadi ya panya.

Ukali wa mashine unaingia tena katika hatua hii, kwa njia ambayo si ya moja kwa moja. Kitu kilicho chembamba kuliko takriban maradufu ya ukali wa mashine huonekana hafifu kuliko kilivyo, kwani mwanga wake humwagikia majirani, na mwanga wa majirani nao humwagikia kwake. Uvimbe wa milimita 3 katika mashine ya milimita 1.8 uko palepale penye hatari hiyo. Maabara nyingi hupandikiza uvimbe begani kwa kuwa ni mahali rahisi kufikia na kupima kwa kalipa, na bega ndilo jirani wa karibu wa mafuta ya kahawia. Panya akihisi baridi, tanuri humwagia uvimbe mwanga ambao si wake, na mchoro uliozungushwa kwa uangalifu kuuzunguka uvimbe hautauzuia. Mashine kali zaidi hupunguza umwagikaji huo, ila haizimi tanuri.

Msomaji wa picha hizi ana mitego mingine midogo ya kujihadhari nayo. Nyuma ya kila jicho la panya kuna tezi iitwayo tezi ya Harder ambayo hukusanya FDG kwa wingi, na imewahi kudhaniwa kuwa sehemu ya ubongo na watu waliozoea picha za binadamu, ambaye hana tezi hiyo inayofanya kazi. Kibofu hujaa FDG kwa sababu figo huitoa kwa mkojo, tofauti na glukosi ya kawaida. Sindano iliyokosa mshipa huacha dawa mkiani, na kama mkia haumo ndani ya picha, hesabu zote za viungo vingine hutoka pungufu pasipo yeyote kujua.

Itakuwa si haki nikiacha ionekane kwamba utaratibu wa kufungisha, kupasha joto na kulaza ndio mwisho wa maneno kwa kila swali. Unafaa kwa uvimbe. Anayechunguza ubongo yuko kwenye hali tofauti kabisa, maana nusukaputi hupunguza kazi ya ubongo na kumlaza mnyama wakati dawa inaenea ni kufuta kile kinachotafutwa. Kwake, uwezo wa FDG wa kunasa ndani ya seli ni msaada mkubwa: panya anaweza kudungwa akiwa macho, akaachwa afanye kazi aliyopangiwa, kisha akalazwa baadaye kwa ajili ya picha tu, na picha ikaonyesha kilichotokea kabla hajalala. Maabara ya Brookhaven, New York, ilikwenda mbali zaidi ikatengeneza pete ndogo ya PET inayofungwa kichwani mwa panya buku aliye macho na anayetembea. Na anayechunguza mafuta ya kahawia yenyewe, kama wengi wafanyavyo sasa kwa ajili ya kisukari na unene, atamweka panya baridini kwa makusudi. Kilichokuwa kero katika kisa hiki ndicho lengo la mwenzake.

Lililobadilika baada ya kazi hizi ni kwamba saa moja ya kusubiri ilianza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kipimo. David Stout na wenzake hapohapo UCLA walitengeneza vyumba vidogo vya plastiki ambamo panya hulazwa akiwa anapata isoflureni na joto lililodhibitiwa, mwili ukiwa umeshikwa mahali pamoja, na chumba hicho kikahamishwa kutoka mashine ya PET hadi ya CT bila mnyama kuguswa. Kwa panya wa jamii zisizo na kinga ya mwili, ambao ndio hasa wanaoweza kubeba saratani ya binadamu bila kuikataa, chumba hicho pia kiliwakinga na vijidudu vya nje. Mwongozo wa ARRIVE uliotolewa mwaka 2010 na kuhuishwa mwaka 2020 unawataka watafiti waeleze hali ya makazi na utunzaji wa wanyama wao. Ni hatua nzuri, ingawa ninapofungua makala ya PET ya panya bado naanza kwa kutafuta vitu vinne kwenye sehemu ya mbinu: joto la mnyama tangu kudungwa hadi picha, saa alizokaa bila chakula, dawa ya usingizi na ilianza lini, na sukari ya damu ilikuwa ngapi. Vikikosekana viwili kati ya hivyo, siwezi kulinganisha namba zake na za makala nyingine, hata picha iwe nzuri kiasi gani.

Linabaki suala moja linalowagawa watu makini. Florini-18 huondoka haraka. Kesho yake asubuhi, baada ya vipindi 13 vya kupungua kwa nusu, imebaki chini ya sehemu moja ya 8,000 ya ile iliyodungwa, na panya yuko tayari kupigwa picha nyingine. Lakini kufunga hakuondoki haraka hivyo. Usiku mmoja bila chakula humpunguzia panya sehemu kubwa ya uzito wake, na kwa mnyama mwenye saratani anayepigwa picha kila baada ya siku mbili au tatu, mfungo unaorudiwa huwa tiba au mateso ya ziada, na pengine hubadilisha ukuaji wa uvimbe wenyewe. Wapo wanaoshikilia saa 12 kwa ajili ya picha safi. Mimi nimeegemea upande wa mfungo mfupi wa mchana, wa saa nne hadi sita, pamoja na joto la nyuzi 30 na isoflureni tangu kabla ya sindano, sukari ya damu ikipimwa na kuandikwa kila mara. Tofauti kati ya uvimbe na misuli itakuwa ndogo kidogo kuliko inavyoweza kuwa, lakini panya wa siku ya saba atakuwa amekaribia kuwa yuleyule wa siku ya kwanza.